Pikipiki Iliyonuka Mkate

Byamungu alipoleta pikipiki ndani ya magunia, Twahiru alikuwa amechuchumaa uani kwake, mtaani Buyenzi, akisugua kabureta kwa mswaki uliochakaa. Ilikuwa miaka ya vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, na mafuta yaliingia mjini kwa vidumu kupitia mpakani Gatumba, yamefichwa chini ya mihogo. Kwa hiyo Twahiru hakuosha vyuma kwa petroli kama zamani. Aliviosha kwa mafuta ya taa, na hayo mafuta ya taa akayachuja kwa kitambaa ili yamfae tena kesho. Hakuwa na kibao wala jina la garaji. Alikuwa na ua, mti wa parachichi, bati moja la kuzuia mvua, na mikono yake.

Byamungu alikuwa mchuuzi wa vyuma chakavu, mtu wa kucheka kabla hujamwambia kitu. Alitua magunia matatu.

"Iko kamili," alisema. "Fremu humu, injini humu, mengine humo. Inakosa tu mutu wa kuifunga."

"Imetoka wapi?"

"Ngambo."

Siku zile kila kitu kilitoka ng'ambo ya mpaka, na kuuliza mara ya pili ilikuwa utovu wa adabu. Twahiru akampa jenereta ndogo aliyokuwa ameifufua, wakapeana mikono, Byamungu akaenda zake.

Ilikuwa Yamaha nyekundu, au iliwahi kuwa nyekundu. Plaki ya namba haikuwepo. Twahiru aliifunga polepole, kati ya kazi za wateja, akafurahi jinsi kila nati ilivyopata mahali pake bila kulazimishwa. Asubuhi alipomaliza aliipiga teke la kuwashia. Kimya. Akaitoa buji ya cheche, akaikwangua, akairudisha, akapiga tena. Akapiga mpaka goti likauma. Ndipo mkewe Zubeda alipotoka ndani na beseni la nguo za mtoto kiunoni, akapita nyuma yake kuelekea kwenye kamba, na pikipiki ikawaka yenyewe.

Iliunguruma taratibu, kama paka aliyeshiba. Tangi lilikuwa kavu. Twahiru hakuwa ametia hata tone. Kwenye ekzosi ulitoka moshi mweupe, na moshi ule ulinuka mkate, mkate wa alfajiri uliotoka jikoni sasa hivi.

Zubeda alitua beseni chini.

"Hii ni ya Musafiri," alisema.

"Haina plaki. Umejuaje?"

"Si unasikia mwenyewe inavyonuka?"

Akaanika nguo, moja baada ya nyingine, zikaisha, akaingia ndani. Injini ikazimika.

Musafiri alikuwa akisambaza mkate kwa pikipiki kwenye maduka ya mji mzima, makapu mawili ubavuni na moja mgongoni. Alikuwa mchumba wa Zubeda. Gauni lilikuwa limeshonwa, mchele umenunuliwa. Asubuhi moja, wakati mitaa ilipokuwa ikifungwa na vijana wenye marungu na mabomu ya mkono, alisema watu hawawezi kukaa bila mkate, akaondoka. Hakurudi. Ndugu zake walimtafuta hospitalini, wakamtafuta kando ya mto Ntahangwa, wakachoka. Mwaka ulipopita na zaidi, wazee walisema msichana asioze kama ndizi dukani, na Twahiru, aliyekuwa akimtazama Zubeda kutoka upande wa pili wa ua tangu zamani, akapeleka posa.

Zubeda alikuwa mke mwema. Alipika, alicheka, alimzalia binti, Sumaya. Lakini Twahiru hakuwahi kusahau kwamba wali wa harusi yake ulipikwa kwa mchele wa mwenzake. Mwanaume wa kwanza akifa, unakwenda kaburini, unamsomea, unarudi nyumbani kwako ukiwa mwanaume wa pekee. Musafiri hakuwa na kaburi. Mtu asiye na kaburi anaweza kuwa popote, na kwa Twahiru alikuwa popote: kwenye kikombe ambacho Zubeda alikishika muda mrefu mno, kwenye dirisha alilolitazama bila sababu. Sasa alikuwa uani pia, anaegemea mti wa parachichi, ananuka mkate.

Mtu mwingine angeiuza. Twahiru alikuwa fundi, na fundi akiona kasoro huitafuta. Alijiambia kuwa mapenzi yale lazima yamekaa kwenye kipuri fulani, na kipuri hubadilishwa.

Alianza na buji. Akaweka nyingine kutoka pikipiki ya mteja mmoja. Zubeda akatoka kuchota maji, ikawaka. Akaitoa koili, akaisuka upya kwa waya wa shaba wa feni iliyoungua. Ikawaka. Akayeyusha sufuria mbili za alumini, akamimina pistoni kwenye mchanga, akaipiga tupa kwa wiki nzima mpaka ikateleza ndani ya silinda kama kidole kwenye pete. Ikawaka, tena vizuri kuliko mwanzo. Klachi aliitengeneza kwa vizibo vya chupa alivyovikata vipande vyembamba. Kiti, kwa kuwa alijua nani aliwahi kupakiwa juu yake, alikichoma moto nyuma ya choo, akashona kingine cha turubai. Tangi alilifua kwa madebe ya mafuta ya kupikia ya msaada. Mwisho alikata mabomba ya maji, akachomelea fremu mpya, na siku hiyo hapakuwa tena na hata skrubu moja ambayo Musafiri aliwahi kuigusa. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Watu wa avenyi nzima, mwanzo wa barabara hadi mwisho, walikuja kuitazama.

Zubeda alipita na birika la chai. Ikawaka. Moshi ukanuka mkate.

Vyuma vya zamani alikuwa amevitupa kwenye karai chini ya mti. Vilibaki na joto usiku na mchana. Kuku aliatamia humo, akatotoa.

"Fundi, hii umeunda we mwenyewe!" walisema majirani, wakimpiga mgongoni.

"Ndiyo," alijibu Twahiru. Alikuwa amemfanyia mwanaume mwingine mwili mpya, kwa sufuria zake mwenyewe.

Kwa kuwa haikula mafuta, mtaa haukuchelewa kuipatia kazi. Zubeda alijifunza kuiendesha katika siku moja; tuseme alikaa juu yake na yenyewe ikajua. Aliwapeleka wajawazito kwenye zahanati, aliwafuatia wagonjwa dawa. Imamu alipoulizwa alisema hana neno, ila dada aangalie nguo isiingie kwenye cheni. Twahiru akaunda kifuniko cha cheni. Alikiunda vizuri, kwa hasira.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kila Zubeda alipolegeza mikono, usukani ulijipinda kuelekea mlimani.

"Inataka kwenda Kiriri, kule kwa wakubwa," alimwambia mumewe. "Kila siku naikatalia. Alhamisi nitaiacha iende."

"Kufanya nini?"

"Sijui. Yenyewe ndiyo inajua."

Twahiru hakulala vizuri wiki ile. Alimwona Musafiri katika jumba mojawapo la Kiriri, mzima, amenenepa, amevaa kandambili za kizungu, anamngoja. Alhamisi baada ya swala ya alasiri alinawa grisi, akavaa shati la Idi, akasema mke wa mtu haendi kwa mwanaume peke yake. Akapanda nyuma. Hakujua ashike wapi. Akashika kiti alichokishona mwenyewe, na pikipiki ikawachukua.

Kwenye bariyeri askari walikuwa wakipekua kila kapu. Moshi ulipowafikia, mmoja wao alifumba macho kidogo, akainua mti wa kizuizi. Walipanda barabara za vilima, wakapita kuta zenye vigae vya chupa juu, na mbele ya geti la kijani pikipiki ikapiga honi. Honi hiyo Twahiru hakuwa ameiunganisha.

Geti lilifunguliwa. Ndani, mwanaume mmoja wa makamo, mtu mkubwa wa serikali aliyeitwa Pontien, alikuwa akimwagilia waridi kwa mpira. Alivaa fulana safi na suruali ya michezo.

"Ah," alisema. "Imerudi."

Pikipiki ilimpita, ikazunguka nyumba, ikasimama nyuma ya garaji chini ya bugenvilia, ikazimika. Udongo pale ulikuwa umetuna kidogo, na nyasi zake zilikuwa za kijani kuliko zingine.

Pontien aliagiza Fanta ziletwe. Aliongea na Twahiru, kwa sababu aliona ni mwanaume mwenzake.

"Mwanangu Régis aliipenda hiyo pikipiki," alisema. "Alikuwa kijana, mambo yalikuwa moto, wenzake walikuwa kwenye bariyeri. Wakamwambia mwenye pikipiki ashuke, akakataa. Bon, basi. Unajua ilivyokuwa. Lakini hata baada ya pale mikono yake haikuachia usukani. Walivuta, apana. Ikabidi wamlete pamoja nayo. Tulimtenganisha hapa hapa, na alipolazwa chini ndipo akaachia." Akageuza mpira kwenye waridi lingine. "Na Régis hakupata faida yoyote. Haikuwaka hata siku moja. Mwisho tukampa yule mutu wa vyuma."

Garaji ilikuwa wazi. Ndani yake zilisimama pikipiki nyingine zimefunikwa mashuka.

Zubeda alikuwa amekwishakaa chini. Aliinua viganja, akasoma Fatiha, na alipomaliza akabaki ameweka mkono juu ya udongo kama mtu anayempima mtoto homa. Twahiru alimtazama mkewe, akaona kwamba yeye hajawahi kuwekewa mkono namna ile. Alijua kuna jambo kubwa zaidi la kuhisi mahali pale. Alilitafuta, hakulipata. Alipata wivu tu, umekaa katikati kama mgeni aliyewahi kiti.

Walipokuwa wakirudi, Zubeda aliongea bila kugeuka.

"Aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe. Azikwe na watu wake. Yule mzee hanisikii mimi, anakusikia we. Umuombe, baba Sumaya."

"Nitamuomba."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Nafasi ilikuja yenyewe. Régis alikuwa na pikipiki mpya iliyogoma, na kwa vikwazo vile hakuna duka lililokuwa na kipuri chake. Pontien akamwita Twahiru. Alhamisi iliyofuata Twahiru alifungua injini ile kwenye kivuli cha garaji, akachonga kipuri kutoka kwenye kipande cha bawaba, na Régis mwenyewe akamshikia bisibisi. Alikuwa kijana mpole mwenye kucha safi. Alisema asante kila alipopewa kitu. Zubeda alikuwa amekaa mahali pake chini ya bugenvilia, anatazama.

Ilipowaka, Pontien alipiga makofi.

"Mi si mutu mubaya, fundi," alisema. "Sema unachotaka. Chochote kilicho katika ua huu, chukua."

Zubeda alisimama, akajipangusa udongo.

Twahiru alifungua mdomo. Maneno alikuwa ameyaandaa tangu asubuhi, yalikuwa machache na ya heshima. Lakini kabla hayajatoka aliona yatakayofuata. Aliona jeneza likishuka kutoka Kiriri, na Buyenzi nzima ikilipokea begani, maduka yamefungwa. Aliwaona wanaume wakipokezana, na yeye mwenyewe katikati yao, akiulizwa na wageni yeye ni nani wa marehemu. Aliona kaburi lenye jina, hatua chache kutoka nyumbani kwake, na Zubeda akienda kwa miguu wakati wowote anaotaka, si Alhamisi tu. Huku juu angalau pana geti.

"Ile kompresa, chef," alimwambia yule mkubwa.

Ilikuwa kompresa ndogo ya upepo, ya bluu, imesimama pembeni ya garaji haina kazi.

"Hiyo tu?" alisema Pontien. "Chukua, chukua!"

Zubeda alikwenda hadi kwenye garaji. Aliitwaa kompresa kwa upande mmoja, Régis akashika upande mwingine, wakaipakia kwenye kiti cha nyuma. Aliifunga mwenyewe kwa mipira, akaikaza, akaijaribu kama inacheza. Kisha akapanda. Kwa kuwa nafasi ya nyuma ilikuwa imejaa, Twahiru aliteremka Kiriri kwa miguu, na kila kona harufu ya mkate ilikuwa imemtangulia.

Alingoja ugomvi nyumbani. Haukuja. Chakula kilikuwa tayari, maji ya kuoga yamepashwa. Usiku ule na usiku mwingine wowote Zubeda hakutaja neno Kiriri, wala hakumnyima mumewe haki yake. Ila hakumwomba tena kitu. Chumvi ikiisha, alikwenda kununua mwenyewe. Mlango ukilegea, aliukaza mwenyewe, kwa bisibisi ya mumewe, kisha akairudisha mahali pake. Twahiru alitamani apigiwe kelele mpaka majirani watoke nje. Mara moja alijaribu.

"Ningemuomba, angekataa," alisema.

"Labda," alijibu Zubeda, akaendelea kuchambua maharage.

Kompresa ilileta wateja kutoka mitaa ya Bwiza na hata Nyakabiga. Twahiru akaongeza bati la pili.

Kisha zile pikipiki za kwenye mashuka zikaanza kuteremka. Régis alikuwa anaoa, alitaka garaji iwe na nafasi ya gari, akampa Byamungu moja moja, na Byamungu akazileta uani kwa magunia. "Ngambo," alisema. Twahiru akazifunga. Hakuna iliyowaka.

Zubeda hakutangaza chochote. Alizunguka tu na pikipiki yake kama kawaida, na popote alipotua alimwambia mama mwenye nyumba kwamba kwa mumewe kuna pikipiki zinazotafuta watu. Wanawake wakaja. Walivaa vizuri, kama wanaokwenda kutazama mgonjwa, wakapita katikati ya mashine zilizopangwa, polepole, wakirudi nyuma, wakipita tena. Wengi walipita bure, wakaaga, wakaenda. Lakini Léocadie, mke wa mwalimu, alipopita karibu na ile ya bluu iliwaka, ikatoa moshi wenye harufu ya chaki. Aliweka pochi yake juu ya kiti, akasema, "Bon. Ni huku ulikuwa." Na Daphrose, binti wa muuza maziwa, hakuwa hata amefika getini vizuri, iliyokuwa mwisho kabisa wa ua ikaanza kuunguruma.

Twahiru hakuwatoza kitu. Aliwachongea benchi.

Tangu hapo Alhamisi zilikuwa na msafara. Walipanda Kiriri pamoja, moshi wa mkate, wa chaki na wa maziwa, na bariyeri iliinuliwa kabla hawajafika. Pontien alizoea. Aliamuru viwekwe viti vya plastiki chini ya bugenvilia, na siku za jua kali aliwatolea mwavuli wa bustani. Wanawake walikaa, kila mmoja akitazama upande wake wa udongo, kisha wakarudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Hakuna aliyefukuliwa. Hakuna wa nyumba ile aliyeulizwa na mtu yeyote. Vikwazo viliondolewa, mazungumzo ya amani yakafunguliwa, yakavunjika, yakafunguliwa, na mizinga ikaendelea kusikika kutoka vilimani jioni, mbali, kama mtu anayehamisha makabati.

Régis alikuja siku mojawapo ya Alhamisi hizo, kabla ya alasiri. Alikuwa amejaa mwili, amevaa suti, na pikipiki yake ilikuwa ya aina ambayo mjini zilikuwepo mbili au tatu. Alisalimu kila mtu kwa mkono. Benchi lilikuwa limejaa. Léocadie akasogea huku, Daphrose akasogea kule, Régis akapata pa kukaa katikati yao.

"Ina nini?" aliuliza Daphrose.

"Breki, mama."

"Pole."

Zubeda alitoka na sinia la chai. Kwa kuwa Régis alikuwa mgeni, alimpa wa kwanza. Twahiru, aliyekuwa ameinamia injini, aliangalia kama vidole vyao vitagusana, akajichukia kwa kuangalia, na akaangalia. Havikugusana. Alipofika zamu yake mkewe alimnyooshea kikombe, na nyuma yake ile ya mabomba ya maji na sufuria ilikuwa tayari inaunguruma, inamngoja. Watu wanne au watano walikuwa wanaongea kwa pamoja pale uani, hakuna aliyewasikiliza wao wawili.

"Mama Sumaya," alisema Twahiru kwa sauti ndogo. "Siku mi nikipotea, itakuja ipi kukutafuta?"

Zubeda alilifikiria swali. Alilifikiria kwa haki, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayetaka kweli kumpatia jirani kitu alichoomba kuazima. Alizitazama pikipiki zote zilizokuwa uani, za wateja na za marehemu.

"We huna pikipiki, baba Sumaya," alisema. "Unatengenezaka za watu."

Hakulisema kwa ubaya. Alifunga mtandio vizuri, akapanda, akaweka pindo la nguo juu ya kifuniko cha cheni, na wenzake wakainuka kwenye benchi, wakishusha vikombe. Injini zikawaka mbele yao, moja, nyingine, nyingine tena. Wakatoka getini kwa mpangilio, Zubeda mbele.

Ua ukabaki na harufu zao. Kwenye benchi alibaki mtu mmoja, vikombe vitupu huku na huku, anamalizia chai yake.

"Nani anafuata?" aliuliza Twahiru.

"Ni mi," alisema Régis.

Twahiru akachukua spana, akapiga magoti mbele yake, akaanza na breki ya mbele. Aliikaza barabara.